Huduma ya kuweka SPF, DKIM na DMARC hapa Dodoma: kazi safi kwenye domeni, pungufu kwenye ripoti

Ushirika wetu wa wakulima wa zabibu hutuma jarida la barua pepe kila mwezi, lenye bei za mashambani, ratiba ya kupogoa na kupulizia dawa, taarifa za viwanda vinavyonunua mchuzi wa zabibu na matangazo ya mikutano. Wasomaji wake ni wakulima wa Hombolo, Mpunguzi na Chinangali wenye simu za kisasa, maofisa ugani, wanunuzi wa Dar es Salaam na Arusha, pamoja na watumishi kadhaa walioko Mtumba. Huduma ninayoitathmini ni ya ofisi ndogo ya mafundi wa tovuti iliyopo Makole, ambayo tuliilipa shilingi 180,000 ituwekee rekodi za SPF, DKIM na DMARC, yaani maandishi ya kuthibitisha kwamba barua imetoka kweli kwenye domeni yetu (jina letu la mtandaoni), ili jarida lifike kwenye kikasha cha msomaji badala ya kuishia kwenye folda ya barua taka. Jina la ofisi silitaji, kwa kuwa sehemu ya tathmini hii ni lawama, na lawama hizo wenyewe wameshazisikia kutoka kwetu ana kwa ana. Niseme mapema kwamba ningewapa kazi hii tena, ila safari hii ningeandika kwenye makubaliano jambo moja ambalo wengi tunalisahau, nalo ni nani atakayesoma ripoti.

Tatizo lililotupeleka kwao lilikuwa la kawaida. Jarida lilikuwa likitoka kwa anwani ya domeni yetu, lakini aliyelisambaza hasa ni jukwaa la kusambazia majarida lenye seva zake nje ya nchi, na domeni yetu haikuwa imetamka popote kwamba jukwaa hilo linaruhusiwa kutumia jina letu. Kwa seva inayopokea, barua ya namna hiyo haina tofauti na ya tapeli aliyeandika jina la ushirika kwenye sehemu ya mtumaji. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wanamtaka kila anayetuma barua nyingi awe na SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma), DKIM (saini ya barua) na DMARC (maelekezo juu ya barua isiyothibitishwa), na kwa upande wa Google kipimo cha wingi huo ni barua 5,000 kwa siku kwenda kwenye anwani za Gmail. Microsoft nao walifuata mwezi Mei 2025 kwa anwani za Outlook na Hotmail. Mweka hazina wetu alihoji kwa haki kabisa kwa nini tulipie kanuni ya watu wa barua 5,000 wakati sisi hatufiki hata karibu na hapo. Jibu ni kwamba hata mtumaji mdogo anatakiwa na Google awe walau na SPF au DKIM, na kwamba barua isiyo na uthibitisho hutiliwa shaka kwanza kabla ya kusomwa ilichobeba.

Kilichonivutia kwa ofisi hii ni namna fundi alivyoanza. Nilikwenda na karatasi yenye maneno ya siri ya kuingilia jukwaa la jarida, nikidhani ataketi aanze kuandika rekodi. Badala yake aliisogeza pembeni akasema, "Mama, kabla sijagusa kitu, naomba unitajie kila mfumo unaotuma barua kwa jina la ushirika. Siyo jarida tu." Nikamtajia barua za ofisi, nikamtajia jarida. "Na fomu ya mawasiliano kwenye tovuti? Na zile ankara mnazotumia wanunuzi?" Hapo orodha ikawa na mifumo minne: barua za kila siku za watumishi zinazopitia Google, jukwaa la jarida, tovuti inayotuma ujumbe wa fomu kutoka kwenye seva yake yenyewe, na mfumo wa hesabu unaotuma ankara kwa wanunuzi. Fundi asiyeuliza swali hilo atakuwekea rekodi za jarida vizuri kabisa, kisha wiki inayofuata ankara zitaanza kupotea, na hakuna atakayejua kisa na mkasa.

Hatua yake ya pili ilikuwa kuangalia seva za majina, yaani mahali ambapo rekodi za domeni yetu husomwa na dunia nzima. Domeni yetu ya .or.tz ilisajiliwa na kampuni moja, tovuti ikahamishiwa kwingine miaka iliyofuata, na kwenye paneli (sehemu ya kusimamia domeni) ya kampuni ya kwanza bado kulikuwa na ukurasa wa rekodi unaofunguka na kukubali maandishi mapya bila kulalamika. Mtu aliyetusaidia kabla ya hapo alikuwa amejaza rekodi zake kwenye paneli hiyo ya zamani. Zilikaa huko kwa muda mrefu bila kusomwa na seva yoyote, kwa sababu seva za majina zilikuwa zikielekeza kwingine. Kwa mashirika mengi ya hapa kwetu, naamini huu ndio ugonjwa wenyewe: domeni imeandikwa kwa jina la kijana aliyetengeneza tovuti, nenosiri analo yeye, na yeye yuko Mwanza au ameacha kazi hiyo. Ofisi hii ilitudai kwanza tupate umiliki wa paneli kwa barua pepe ya ushirika, ikakataa kabisa kushika akaunti kwa jina lake, na kwa hilo nawapa alama zote.

SPF ilikuwa kazi fupi. Ni mstari mmoja wa maandishi unaoanza na v=spf1 na kuorodhesha seva zinazoruhusiwa kutuma kwa niaba ya domeni. Tulikuwa nayo miwili, mmoja wa barua za ofisi na mwingine wa jukwaa tulilokwisha kuliacha, na kanuni inasema domeni ikiwa na rekodi mbili za SPF ukaguzi mzima unahesabiwa kuwa na kosa, hata kama kila mstari ukiwa peke yake ni sahihi. Fundi aliziunganisha zikawa moja, akaondoa jukwaa la zamani, akabakiza include:_spf.google.com (seva za Google) pamoja na anwani ya seva ya tovuti, akamalizia na ~all, yaani seva nyingine yoyote itiliwe shaka. Alinionya pia kwamba rekodi hiyo ina kikomo cha kuuliza DNS (daftari la mtandaoni la rekodi za domeni) mara 10, kwa hiyo haifai kuwa kapu la kila huduma tunayoijaribu kwa wiki mbili na kuiacha.

Jambo ambalo sikulijua, na ambalo naona halielezwi vya kutosha, ni kwamba SPF peke yake haikuwa na msaada mkubwa kwa jarida letu. Barua pepe ina anwani mbili za mtumaji, kama barua ya posta yenye jina moja nyuma ya bahasha na jingine kwenye karatasi iliyo ndani. Msomaji huiona ile ya ndani, lakini SPF hukagua ile ya nje, ambayo ndiyo barua iliyokwama hurudishwa kwake. Majukwaa mengi ya majarida huweka anwani yao wenyewe hapo nje, ili wao ndio wapokee taarifa za barua zisizofika. Matokeo yake SPF hufaulu, lakini hufaulu kwa domeni ya jukwaa, wala si kwa domeni yetu. Ndiyo maana uzito wote wa kazi ulihamia kwenye DKIM.

DKIM ni saini. Mfumo unaotuma hutia saini kila barua kwa ufunguo wa siri, na seva inayopokea huenda kwenye DNS ya domeni iliyotajwa, ikachukua ufunguo wa umma na kuthibitisha kwamba saini ni halali na kwamba maandishi hayakubadilishwa njiani. Saini hii huendelea kuwa hai hata barua ikisambazwa kwenda anwani nyingine, jambo ambalo SPF haiwezi, na kwetu sisi lina maana kubwa kwa sababu maofisa ugani wengi wameelekeza barua zao za kazini ziende Gmail. Kwa barua za ofisi, ufunguo ulitengenezwa ndani ya paneli ya usimamizi ya Google, ukawekwa kwenye jina google._domainkey. Hapo ndipo paneli ya domeni ilipogoma. Ufunguo wa biti 2048 una herufi zinazokaribia 400, na kipande kimoja cha maandishi kwenye rekodi ya TXT (rekodi ya maandishi) hakiruhusiwi kuzidi herufi 255. Paneli nyingine hukata zenyewe. Ya kwetu ilikata mkia wa ufunguo kimyakimya na kuonyesha kwamba rekodi imehifadhiwa. Fundi aliligundua kwa kulinganisha herufi za mwisho za ufunguo na zile zilizorudi kutoka DNS, akaugawa ufunguo katika vipande viwili ndani ya alama za kufungua na kufunga usemi, mfululizo kwenye rekodi ileile, na seva zikausoma kama kitu kimoja.

Kwa jukwaa la jarida, utaratibu ulikuwa tofauti. Halikutupa ufunguo wenyewe, lilitupa rekodi mbili za aina ya CNAME zinazoelekeza kwenye funguo zilizo upande wao, hivyo wanaweza kubadilisha funguo bila kutusumbua. Hapa fundi alinionyesha kosa ambalo anasema hulikuta karibu kila anapoitwa. Jukwaa hukupa jina kamili, tuseme s1._domainkey.mfano.or.tz (mfano.or.tz nimeiweka badala ya domeni yetu), na mtu hulinakili lote kwenye paneli. Paneli nayo huongeza domeni mwishoni yenyewe, na kinachozaliwa ni s1._domainkey.mfano.or.tz.mfano.or.tz, jina ambalo hakuna seva itakayoliulizia kamwe. Jukwaa huendelea kuonyesha kwamba linasubiri, na mtu huambiwa avute subira saa 24 au 48. Subira hiyo nayo hutiwa chumvi. Muda hutegemea TTL ya rekodi, yaani muda ambao seva huruhusiwa kutunza jibu la zamani kabla ya kuuliza upya, ambayo kwenye paneli nyingi za cPanel (programu ya kusimamia tovuti) ni sekunde 14,400, yaani saa nne, na rekodi mpya kabisa mara nyingi huonekana mapema kuliko hapo. Kama siku nzima imepita na haionekani, kuna kitu kimeandikwa vibaya.

Alinifundisha kuangalia mwenyewe kwa kompyuta ya ofisini, kwa kuandika nslookup -type=txt google._domainkey.mfano.or.tz na kusoma kinachorudi, na pia kwa kufungua jarida lililofika kwenye Gmail, kubofya vidoti vitatu na kuchagua kuonyeshwa barua ilivyo asili. Juu ya ukurasa huo kuna mistari ya SPF, DKIM na DMARC, kila mmoja na neno PASS au FAIL. Muhimu ni kutazama pia domeni iliyotajwa kando ya neno hilo, kwa kuwa PASS ya DKIM iliyotiwa saini na domeni ya jukwaa peke yake haitusaidii chochote mbele ya DMARC. Sijaona ofisi nyingine hapa mjini inayomkalisha mteja na kumwonyesha hayo, na huenda ndiyo sababu hawakukamilisha haraka kama walivyoahidi.

Ushauri wao mwingine uliofaa ni kulitenganisha jarida na barua za kawaida kwa kulipatia domeni ndogo yake, jarida.mfano.or.tz. Wasomaji wakikasirika na kubofya kitufe cha barua taka, sifa mbaya itaanza kuliandama jina hilo dogo kabla ya kugusa barua za mwenyekiti kwenda wizarani. Baadhi ya wajumbe walihisi anwani imekuwa ndefu na haipendezi. Mimi naona ni gharama ndogo.

Sasa lawama. DMARC ni rekodi inayoieleza seva ya mpokeaji mambo mawili: ifanye nini na barua inayotumia jina letu bila SPF wala DKIM inayolingana na domeni yetu, na ipeleke wapi ripoti za kila siku za barua ilizoziona. Ofisi iliweka v=DMARC1; p=none kwa domeni kuu, huku p=none ikimaanisha usizuie chochote, nipe ripoti tu. Kuanza hivyo ni sahihi. Tatizo ni sehemu ya rua, yaani anwani ya kupokelea ripoti, ambako waliandika anwani ya domeni yao wenyewe, wakisema watatusomea ripoti bure kwa mwezi wa kwanza na baadaye kwa malipo. Mwezi ukapita bila neno. Nilipouliza niliambiwa ripoti bado hazijaanza kuja, kwa kuwa jarida letu lina wasomaji wachache.

Hilo halikuwa kweli, ingawa sidhani kama walikusudia kudanganya. Kanuni ya DMARC iliyochapishwa mwaka 2015 inataka kwamba ripoti zikielekezwa kwenye domeni nyingine, domeni hiyo nayo iweke rekodi ya kukubali kuzipokea, vinginevyo mtu yeyote angeweza kummwagia jirani yake maelfu ya ripoti asizoziomba. Kwetu sisi rekodi hiyo ilipaswa kuwa kwenye domeni ya ofisi, kwa jina linaloanza na mfano.or.tz._report._dmarc na kufuatiwa na domeni yao, ikiwa na maandishi v=DMARC1. Haikuwapo. Seva zinazofuata kanuni zilikuta hakuna kibali, zikaacha kutuma. Nilimwomba fundi abadilishe rua iende kwenye anwani ya ushirika, akafanya hivyo siku hiyohiyo bila ubishi wala malipo, na ripoti ya kwanza ya Google ikaingia muda si mrefu baadaye.

Ripoti yenyewe si kitu cha kumpa mzee wa ushirika asome. Ni faili la XML lililobanwa, lenye anwani za seva, idadi ya barua na matokeo ya kila ukaguzi. Lakini mtu akivumilia mistari ya kwanza, anaona mambo ambayo hakuna njia nyingine ya kuyaona. Yetu ilionyesha jarida likifaulu kwa DKIM, barua za ofisi zikifaulu kote, na kisha mstari wa mfumo wa hesabu: SPF imefaulu, lakini kwa domeni ya mwenye mfumo, DKIM haipo, DMARC imeshindwa. Kwa maneno mengine, siku ambayo tungeiweka domeni kuu kwenye karantini, ankara zote za msimu zingeingia kwenye barua taka za wanunuzi. Ofisi iliuliza juu ya ankara siku ya kwanza kabisa, ikaziandika kwenye orodha, kisha ikatangaza kazi imekwisha bila kurudi kuzihakiki. Hapo ndipo naona walipopunguza thamani ya kazi nzuri waliyoifanya.

Lawama ya pili inatokana na hiyo. Kumwacha mteja kwenye p=none na kumkabidhi kazi kama iliyokamilika ni kumwachia mlango bila komeo. Jarida litafika, ndiyo, lakini tapeli anayetaka kumwandikia mnunuzi kwamba akaunti ya benki ya ushirika imebadilika bado anaweza kutumia jina letu, na DMARC itamwangalia tu akipita. Katika msimu wa mavuno, ambao kwa zabibu za Dodoma huja mara mbili kwa mwaka, hofu hiyo si ya kinadharia. Ofisi inayouza huduma hii ingepaswa kueleza kwa maandishi lini na kwa masharti gani sera itapandishwa kuwa quarantine (peleka kwenye barua taka), kisha reject (kataa kabisa).

Kuhusu matokeo, wasomaji wetu wa Kongwa na Mpwapwa waliokuwa wakilikuta jarida kwenye barua taka sasa wengi wanalikuta kwenye kikasha, na wengine kwenye kichupo cha matangazo cha Gmail, jambo ambalo fundi alisema wazi tangu mwanzo kwamba hakuna rekodi inayoweza kulizuia. Uthibitisho wa domeni husema barua imetoka kwa nani. Hausemi kama inatakiwa. Google inataka malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3, na kwa orodha ndogo kama yetu wasomaji wachache wenye hasira wanatosha kuvuka hapo. Sehemu ya orodha yetu ilikusanywa kwa kalamu kwenye viwanja vya Nane Nane, Nzuguni, na humo kuna anwani zinazoishia na gmail.con, nyingine zenye herufi ambazo hata mwandishi wake asingezisoma. Ofisi ilitusafishia zile zilizorudi, ikawasha kitufe cha kujiondoa kwa mbofyo mmoja kwenye jukwaa. Kuhusu zilizobaki ilituambia tuwaandikie wasomaji tuwaombe wathibitishe, na waliokaa kimya tuwaondoe. Mwenyekiti hakufurahia kuona orodha ikipungua.

Kwa upande wa bei, ieleweke kwamba rekodi zenyewe hazilipiwi; kinacholipiwa ni mtu wa kuzipanga, kuzihakiki na kukueleza. Kwa chama chenye kijana anayeelewa DNS na mwenye subira ya kusoma maelekezo ya jukwaa, shilingi 180,000 zinaweza kubaki kwenye akaunti. Kwa ofisi kama yetu, yenye mifumo minne, domeni iliyohamahama na hakuna aliyekuwa anajua seva za majina ziko wapi, naiona bei ya haki, na risiti ya EFD walitoa bila kuombwa. Kabla ya kulipa nasihi mtu adai mambo matatu kwa maandishi: kwamba akaunti ya domeni itabaki kwa jina la mteja, kwamba ripoti za DMARC zitafika kwenye anwani ya mteja hata kama fundi naye anapata nakala, na kwamba kila mfumo ulioorodheshwa mwanzoni utaonyeshwa ukifaulu DMARC kabla ya kazi kukabidhiwa.

Hali ilivyo sasa ni kwamba fundi ameipa jarida.mfano.or.tz rekodi yake ya _dmarc yenye p=quarantine, kwa kuwa huko kuna mtumaji mmoja tu na saini yake haijawahi kushindwa kwenye ripoti. Domeni kuu bado iko kwenye p=none, ikimsubiri mwenye mfumo wa hesabu, ambaye ameahidi kutupatia rekodi zake za DKIM kabla ya ankara za mavuno ya Agosti.